Kununua shamba lenye maji: mambo ya kutazama kabla ya kutoa feza



Tangu mvua ziishe, shauri moja linarudi katika vikundi vyetu vya Likasi, Kikula, Panda na Shituru: je, tukusanye feza ya likelemba tununue shamba letu lenye maji? Wenye kuuza wanajua kiu hiyo. Wanapita sokoni na maneno matamu: mto hauko mbali, mfereji umekwisha kuchimbwa, udongo ni mweusi, mistari ya vitunguu na shu inaonekana toka barabarani. Wengine wanaongeza neno lingine: "Hata bata wa pori wanatua pale. Mtawaita wawindaji wa Lubumbashi, watalipa." Kwa neno hilo bei inapanda.

Sisi tunaona shauri la kununua ni jema, na tungependa kila kikundi kifikie hapo. Lakini feza ya wamama hukusanywa kidogo kidogo, toka kwenye sombe, makala na samaki, na ikipotea hairudi. Jibu letu kwa ufupi ni hili: lipeni kwa ajili ya maji na karatasi. Bata wa pori msiwalipie hata franka moja, lakini tazameni wanakaa wapi, maana wana habari ya kuwapa. Tueleze.

Faida ya shamba lenye maji

Kwetu Haut-Katanga mvua inaanza mwezi wa Novemba hivi na kuisha kati ya Machi na Aprili. Baada ya hapo kunapita miezi mitano au sita bila tone. Shamba la mlimani linalala. Lakini katika dambo, yaani bonde lile ambamo maji hayakauki na majani yanabaki mabichi, mama anaweza kupanda lengalenga, shu, vitunguu, tomati na maharagwe wakati wengine wanangoja mvua. Mboga inayovunwa Septemba na Oktoba ndiyo inayolipa masomo ya watoto.

Kuna sababu nyingine. Bukari yetu inategemea sana mahindi na unga kutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame uliharibu mavuno ya Zambia, na Agosti ya mwaka huohuo nchi hiyo ilifunga mipaka yake na Kongo kwa siku chache kwa ajili ya ugomvi wa biashara. Barabara ya Kasumbalesa ikikohoa, sufuria za Likasi zinaugua. Kikundi chenye hekta moja ya mahindi ya kumwagilia hakitalisha mji mzima, lakini watoto wake hawatangoja lori.

Pimeni maji kwa ndoo

Usinunue shamba la dambo ukiwa umeliona mwezi wa Februari peke yake. Februari kila bonde lina maji. Nendeni kulitazama Septemba au Oktoba, kabla ya mvua ya kwanza. Kama muuzaji anawaharakisha mnunue sasa hivi "kwa sababu kuna mwingine anakuja kesho", mjue pengine hataki mwone kiangazi chake.

Mkifika, bebeni ndoo ya lita 20 na saa. Tafuteni mahali ambapo maji yote ya mfereji yanaanguka pamoja, hata kama ni kwa kuweka kipande cha bati, kisha hesabuni sekunde mpaka ndoo ijae. Tuseme imejaa kwa sekunde 10. Hiyo ni lita 2 kila sekunde, yaani lita 7,200 kwa saa. Mkimwagilia saa 12 za mchana, ni lita 86,400. Ni maji mengi, lakini si yenu peke yenu. Kuna wamama wengine chini ya mto, nao wana vitanda vyao. Mkiwaachia nusu, mnabaki na lita 43,200.

Sasa hesabuni mahitaji. Wakati wa joto la Oktoba, kitanda cha mita 10 kwa mita 1 kinaomba karibu lita 50 kwa siku, yaani arozwari tano za lita 10. Hekta moja iliyojaa mboga inaomba lita 50,000 hivi. Na mfereji wa udongo unakunywa sehemu kubwa ya maji njiani kabla hayajafika kwenye mistari. Kwa hiyo maji yale ya ndoo ya sekunde 10 yatatosha karibu nusu hekta, si hekta tatu alizosema muuzaji. Kama hamlimi zaidi ya nusu hekta wakati wa kiangazi, ya nini kulipa bei ya hekta tatu za kumwagilia? Hekta mbili na nusu zinazobaki ni shamba la mvua, na bei yake iwe ya shamba la mvua.

Pimeni na udongo kwa kamba. Hekta moja ni mita 100 kwa mita 100. Watu wengi wanauza "hekta" kwa macho. Kamba ya mita 50 na vijiti vinne vinatosha kujua kama mnadanganywa.

Tazameni pia mfereji wenyewe. Nani aliuchimba? Unapita katika mashamba ya nani? Kama maji yenu yanavuka udongo wa jirani, siku jirani akikasirika ataziba kwa koleo moja. Mapatano ya kupitisha maji yaandikwe kwenye karatasi ileile ya kununua, na jirani atie sahihi yake. Na kama mnafikiria motopompa, hesabuni bei ya mafuta ya kila wiki kabla ya kuhesabu bei ya mashine. Shamba ambalo maji yanateremka yenyewe kwa mteremko lina thamani kubwa kuliko lile linaloomba mafuta kila asubuhi.

Maji haya yanatoka wapi?

Hili ni swali la Likasi kuliko mahali pengine. Mji wetu ulijengwa juu ya shaba. Tangu zamani za Union Minière, mji ukiitwa bado Jadotville, maji ya viwanda yalishuka kwa mto Panda mpaka Lufira, na Lufira inajaza ziwa Tshangalele, lile lililozaliwa wakati lambo la Mwadingusha lilipojengwa. Mwaka 2010 watafiti wa hapa Katanga walitoa kazi yao juu ya bonde la juu la Lufira: walikuta shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmi na hata urani vikipita toka maji na matope hadi katika mimea na samaki. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walikuwa wameonyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na watoto ndio walioonekana wamebeba zaidi.

Hatusemi kila dambo lina sumu. Yako mabonde mengi ambayo maji yake yanatoka kwenye chemchemi safi za kilima. Tunasema: fuateni mto wenu kwa miguu, mpande mpaka mnapoona unatoka wapi. Kama juu kuna kiwanda, kilima cha mabaki ya madini, bwawa la maji ya rangi, au mahali wachimbaji wanaosha mawe, shamba hilo acheni, hata likiuzwa bei ya karanga. Tazameni kando ya maji. Ukoko wa kijani au buluu juu ya mawe, matope ya rangi ya kutu, mahali ambapo majani hayaoti, kijito kisicho na chura wala samaki: hizo ni dalili mbaya. Kumbukeni lakini kwamba maji meupe kama kioo yanaweza pia kubeba metali. Kama kikundi kinatoa feza nyingi, peleka kwanza chupa ya maji na mfuko wa udongo kupimwa; ulizeni katika Fakulte ya Kilimo ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi nani anaweza kuwasaidia. Mboga za majani ndizo zinazovuta metali kwa urahisi, na mboga za majani ndizo tunazolisha watoto kila siku.

Habari ya bata wa pori

Tufike kwa wale ndege. Bonde la Lufira lina bahati ya ndege wa maji. Kuna bata wenye uso mweupe ambao wanapiga filimbi usiku wakiruka, kuna bata bukini wa Misri, kuna bata mkubwa mweusi mwenye miba kwenye bawa, pamoja na korongo na yangeyange. Kwa sababu ya utajiri huo UNESCO iliandika Lufira katika hifadhi zake za mwaka 1982, na mwaka 2017 bonde la Lufira likaingia katika orodha ya Ramsar, ile ya mabwawa na mabonde ya maji yenye thamani kwa dunia nzima.

Wazo la kuuza shamba pamoja na ndege lina mahali linapofanyika kweli. Marekani, katika jimbo la Arkansas, wakulima wa mpunga wakishavuna wanafungia maji shambani wakati wa baridi. Bata wanashuka kwa maelfu kutoka kaskazini, na wawindaji wanalipa mwenye shamba ili waingie. Mji mmoja pale, Stuttgart, unajiita mji mkuu wa mpunga na bata. Kwa hiyo bei ya shamba huko inahesabu pia ndege. Lakini hata huko mwenye shamba hauzi bata. Bata ni wa nchi, wanalindwa na sheria, mwindaji lazima awe na ruhusa, kuna majira ya kuwinda na hesabu ya ndege kwa siku. Mwenye shamba anauza ruhusa ya kupita mlangoni tu.

Kwetu sheria ya kuwinda ni ya tarehe 28 Mei 1982, na inasema mtu hawindi bila ruhusa ya Serikali. Kuwa na shamba hakukupi wanyama wanaopita juu yake. Mtu anayewaambia "mtauza bata kwa wawindaji" anawauzia kitu ambacho si chake na ambacho hakitakuwa chenu. Wawindaji wakija bila ruhusa, wenye bunduki watapanda gari waende, na maswali ya wakubwa yatawabakia ninyi wenye shamba. Zaidi ya hapo, fikirini wamama ishirini na watoto mgongoni wakipalilia vitunguu huku risasi zinalia kwenye matete. Bei ya bata itolewe yote katika hesabu.

Sasa ile habari ya bure. Kiangazi kikikaza, madimbwi madogo yanakauka, na bata wanakusanyika mahali ambapo maji yanabaki. Mkikuta bata mwezi wa Oktoba katika lile dambo, mjue maji yake hayakauki mapema. Mkikuta matete makavu na nyayo za bata za zamani kwenye udongo uliopasuka, mjue pia. Ndege hajui kusema uongo kwa ajili ya kuuza. Lakini bata hapimi metali, kwa hiyo uwepo wake hauondoi kazi ya kufuata mto.

Bata wana shida yao vilevile. Wanapenda mpunga na mbegu changa, na wanaweza kukanyaga mistari iliyopandwa leo. Walinzi wa asubuhi na jioni, kamba zenye vipande vya nailoni vinavyometameta, na kupanda mpunga kwa wakati mmoja na majirani vinasaidia. Kitu ambacho hakifai kabisa ni sumu. Huko Kenya magharibi, katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, ilionekana watu wakitega ndege wa maji kwa karbofurani, dawa kali ya wadudu, kisha wakiuza nyama yao sokoni. Nyama hiyo inaingia tumboni mwa watoto pamoja na sumu. Mama, ukiletewa bata wa pori ambaye hana jeraha la risasi wala alama ya mtego, na bei yake ni ndogo mno, usimpeleke jikoni.

Kikundi kinachotaka kweli feza ya bata kifuge bata wa nyumbani. Wanakula konokono na majani ya mfereji, mbolea yao inalisha vitanda, na mayai yao yana soko. Wajengewe banda na wasilale pamoja na ndege wa pori kwenye bwawa, maana magonjwa yanavuka. Mwaka 2017 mafua ya ndege yalionekana nchini mwetu upande wa Ziwa Albert, Ituri.

Karatasi ipi ni karatasi?

Hapa ndipo feza nyingi zinapotea. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Hakuna mtu anayeuza udongo wenyewe. Anayewauzia anawapa haki yake ya kuutumia, pamoja na vitu alivyojenga na kupanda juu yake. Kama hana haki hiyo, hana cha kuuza.

Haki hiyo inaonekana kwenye karatasi moja tu ambayo sheria inaitambua kikamilifu: ile iliyoandikwa juu yake "Certificat d'enregistrement", inayotolewa na mkubwa anayeitwa Conservateur des titres immobiliers. Fishi ya mtaa si hiyo. Barua ya shefu wa kijiji si hiyo. Mapatano yaliyoandikwa na avoka, hata yakiwa na mihuri mitatu, ni ushahidi kwamba mlilipa, lakini siyo cheti. Sheria inasema pia kwamba cheti kikishapita miaka 2 tangu kutolewa, hakishambuliwi tena. Kwa hiyo cheti cha wiki iliyopita na cha miaka kumi havina uzito mmoja. Tazameni tarehe.

Mtasema: lakini dambo nyingi za upande wa Kapolowe au Kambove hazina cheti, ziko mkononi mwa mashefu. Ni kweli. Sheria ya 1973 ilitaja udongo wa wenyeji na kuahidi amri ya Rais ya kupanga haki zao, na kwa miaka makumi amri hiyo haikutoka. Ndiyo sababu ya fujo tunayoiona. Njia ni kutomdharau shefu na kutosimama kwake. Mwanzo ni kwa shefu wa kijiji na wazee, mbele ya majirani, ili mjue udongo ni wa nani na nani anaulima sasa. Kisha ombi linapelekwa ofisini. Kwa udongo wa vijijini sheria inadai uchunguzi kabla ya kutoa haki: mtu wa Serikali afike, aulize wenyeji, atazame mipaka, aandike. Msiruke hatua hiyo hata mkiambiwa "itapita haraka". Uchunguzi huo ndio unaowalinda siku mjukuu wa shefu atakaporudi toka Kolwezi akisema shamba ni la babu yake. Kwa shamba la vijijini lisilozidi hekta 10, mkataba unatiwa sahihi na Conservateur mwenyewe, kwa hiyo vikundi vyetu vingi havihitaji kupanda juu zaidi.

Kabla ya kulipa, fanyeni ziara mbili za ofisi. Ya kwanza ni kwa Conservateur na kadasta: ombeni waangalie kama namba ya cheti ni ya kweli, kama jina ni la muuzaji, kama shamba halikuwekwa rehani kwa benki, na kama hakuna kesi. Ya pili ni kwa kadasta ya madini, CAMI. Chini ya Kodi ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, nchi imegawanywa katika mraba wa karibu hekta 85, na kampuni inaweza kuwa na haki ya kutafuta au kuchimba chini ya mistari yenu ya maharagwe. Katika Katanga yetu jambo hilo si ajabu. Haki ya madini haifuti haki yenu ya juu, na sheria inadai mwenye kulima alipwe akiondolewa. Lakini afadhali kujua kabla kuliko kuamshwa na katapila.

Jina la nani litaandikwa?

Wamama kumi na tano wanatoa feza, na cheti kinaandikwa jina la mmoja, "kwa sababu yeye anajua kusoma", au jina la mume wa presidenti. Yule mtu akifa, shamba linakwenda kwa watoto na jamaa yake. Wamama wengine hawana la kuonyesha mahakamani ila daftari la likelemba.

Kuna njia mbili za kufaa. Ya kwanza ni kuwa koperative. Kongo iliingia katika sheria za OHADA tangu Septemba 2012, na kwa sheria hiyo koperative ya namna rahisi inaanzishwa na watu 5 tu. Ya pili ni shirika lisilo la faida chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001, lakini ni lazima lipate utu wa kisheria kamili. Barua ya komini inayosema "kikundi kinajulikana" haitoshi kumiliki. Koperative au shirika linapata haki ya muda, mpaka miaka 25, ambayo inaweza kufanywa upya. Haki isiyo na mwisho, ile ya "concession perpétuelle", inatolewa kwa mtu binafsi raia wa Kongo peke yake. Kwa hiyo vikundi vingine vinagawa shamba: kila mama apate kipande na cheti chake, na mfereji ubaki wa wote kwa mapatano yaliyoandikwa. Ni gharama zaidi, lakini ugomvi unapungua.

Je, mama mwenye bwana anaweza kununua kwa jina lake? Ndiyo. Zamani Kodi ya jamaa ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Sasa inasema bwana na bibi wapatane katika mambo yanayowafunga, na kama hawapatani, mmoja anaweza kwenda Tribunal de paix. Ushauri wetu wa nyumbani: mwelezeni bwana mapema, mwonyesheni hesabu, na jina lenu liandikwe. Mjane mwenye cheti cha jina lake anazungumza na jamaa ya marehemu akiwa ameketi kitini. Asiye nacho anazungumza akiwa mlangoni.

Siku ya kulipa

Msilipe yote kwa siku moja. Toeni sehemu ya kwanza siku ya mapatano, mbele ya notere na mashahidi wa pande mbili, mke wa muuzaji akiwemo. Sehemu kubwa ibaki mpaka cheti kipya kitoke kikiwa na jina lenu. Mapatano yataje mipaka, ukubwa uliopimwa, njia ya kuingia, mfereji, na siku muuzaji atakapoondoka. Kila anayelipwa aandike risiti, hata ikiwa ni shefu. Tengeni pia akiba ya gharama za ofisi, ya mpimaji, na ya kulima msimu wa kwanza. Kikundi kinachomaliza feza yote kwa kununua, kisha kinakosa mbegu na majembe, kinaweza kupoteza shamba, maana sheria inadai udongo uliopewa utumiwe.

Afya ya wanaofanya kazi majini

Shamba lenye maji linaleta pia mbu na konokono. Konokono wa mfereji ndio wanaobeba kichocho. Mtoto akikojoa damu, apelekwe kituo cha afya, asiambiwe amekua. Safisheni majani ya mfereji, maji yasisimame, mtu asijisaidie wala kukojoa karibu na maji, na watoto wasiogelee pale mnapomwagilia. Anayekanyaga matope kila siku avae buti. Chandarua kisibaki mjini wakati mama analala shambani kulinda mahindi.

Tuanze wiki hii

Kikundi chenye shauri la kununua kichague wamama watatu: mmoja wa maji, mmoja wa karatasi, mmoja wa hesabu. Wa maji aende na ndoo na kamba, afuate mto mpaka juu, arudi na habari ya ndege pia. Wa karatasi apite kwa shefu, kwa Conservateur na CAMI. Wa hesabu asikilize wote wawili kabla ya kutaja bei. Kama mmoja wao anasema bado, feza ibaki kwenye sanduku. Mvua zitakuja, zitaisha tena, na dambo nyingine ataiuza mtu mwingine.

Mkipata lililo zuri, basi nunueni bila woga, na mtuletee habari tuwaeleze wenzenu. Tutafurahi kusikia vitanda ni vingapi, na bata wangapi walikuja kuwasalimia Oktoba.